Barabara yetu haimo kwenye mpango: fedha zake ziko wapi, na tuzidai vipi?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) katika wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi. Barabara inayotoka kijijini kwetu hadi barabara ya mkoa ina urefu wa kilomita 18. Kuanzia Januari hadi Aprili lori haliingii, wajawazito hutolewa kwa bodaboda, na msimu wa korosho wasafirishaji hutupandishia bei au hukataa kabisa kuja. Tumechangishana mara kadhaa kufukia mashimo. Diwani anasema fedha za barabara haziko halmashauri, na ofisi ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) inasema barabara yetu haimo kwenye mpango wa mwaka huu. Sisi tunalipa tozo kwenye kila lita ya mafuta na ushuru kwenye kila kilo ya korosho. Je, fedha hizo zinakwenda wapi, na tufanye nini ili tupate mgawo wa haki?

Jibu: Marahaba, Ndugu Katibu. Diwani wako amekueleza ukweli, na ofisi ya TARURA nayo imekueleza ukweli, ila hakuna aliyekueleza kwamba barabara hukosekana kwenye mpango kwa sababu tofauti, na kwamba kila sababu ina ofisi yake, mwezi wake na aina yake ya ushahidi. Mwananchi anayedai kwa jumla hujibiwa kwa jumla. Anayejua barabara yake imekwama hatua gani huwa vigumu sana kumrudisha nyumbani na jibu la kwamba fedha hazipo.

Tuanze na fedha zenyewe. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa nchini hubeba tozo ya barabara, na tozo hiyo huingia kwenye Mfuko wa Barabara unaosimamiwa na Bodi yake. Sheria inaitaka Bodi itumie si chini ya asilimia 90 ya fedha hizo kwa matengenezo na kazi za dharura, na si zaidi ya asilimia 10 kwa miradi ya maendeleo. Mgawo uliotumika kwa miaka mingi ni asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, ambazo tangu mwaka 2000 ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), na asilimia 30 kwa barabara za wilaya, ambazo zilikuwa mikononi mwa halmashauri hadi Julai 2017 zilipokabidhiwa TARURA. Hapo ndipo diwani wako alipopoteza daftari la barabara. Madiwani wengi walilalamikia mabadiliko hayo, na naona malalamiko yao yana msingi, kwa kuwa mpiga kura bado anamdai diwani barabara, wakati mhandisi anayeitengeneza hawajibiki moja kwa moja kwa baraza la madiwani.

Katika mwaka wa fedha 2021/22 Bunge liliidhinisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, mahususi kwa barabara za vijijini na mijini. Maana yake ni kwamba kijana wa bodaboda kijijini kwenu anayetumia lita 2 kwa siku huchangia shilingi 200 kila siku kupitia nyongeza hiyo peke yake, mbali na tozo iliyokuwapo kabla. Fedha hizo hukusanywa kitaifa na kugawanywa kitaifa. Hazirudi kijijini kulingana na kiasi kilichochomwa kijijini, na wala haingekuwa busara zirudi hivyo, kwani vijiji vyenye barabara mbovu ndivyo vyenye vyombo vichache vya moto, na mgawo wa namna hiyo ungewaongezea walionacho.

Ushuru wa korosho ni mfuko mwingine kabisa. Ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, kisheria hulipwa na mnunuzi, ingawa mnunuzi mwenye akili huuhesabu kabla hajataja bei yake mnadani. Fedha hizo ni mapato ya ndani ya halmashauri na hazina kifungo cha kutumika barabarani. Zinaweza kujenga zahanati, kumalizia madarasa au kulipa posho za vikao. Halafu upo ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, ambao awali sehemu kubwa yake ilikuwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe, hadi mwaka 2018 sheria ilipobadilishwa ili fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Unakumbuka jinsi wabunge wa mikoa ya kusini walivyopinga. Mjadala ule ulikuwa wa haki kabisa, lakini hata ungeisha kwa ushindi, barabara yenu isingetengenezwa kwa fedha hizo bila mtu kuamua hivyo. Kwa hiyo ukienda TARURA ukadai ushuru wa korosho, umebisha hodi kwenye nyumba isiyo yake. Dai hilo lipeleke kwenye baraza la madiwani, tena ukiwa na ombi mahususi: kwamba halmashauri itenge kiasi fulani cha mapato ya ndani kwa ajili ya kalavati fulani (bomba la kupitisha maji chini ya barabara), kazi isimamiwe na TARURA. Halmashauri hairuhusiwi kujificha nyuma ya mabadiliko ya mwaka 2017 kana kwamba ilikatazwa kuchangia.

Sasa neno lako la mgawo wa haki. Ukitazama ramani, mgawo wa 70 kwa 30 unaonekana kama dhuluma: TARURA inasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 na TANROADS takriban kilomita 36,000, yaani katika kila kilomita 5 za barabara, 4 ni za TARURA. Hata hivyo, upande wa pili una hoja nzito. Malori na mabasi yanayochoma mafuta mengi hupita barabara kuu, na barabara hizo zikikatika, ya kijijini haina pa kuelekea. Tuliliona hilo mapema Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Aliyelazimika kusafiri kwa nchi kavu alizungukia Masasi, Tunduru na Songea. Kusini tuna njia moja tu fupi ya kwenda kaskazini, na kila fedha ya dharura inayotumika kuirejesha ni fedha ambayo mahali fulani imesogeza mbele kazi nyingine. Kwa sababu hiyo siungi mkono wanaotaka TANROADS wapunguziwe tu bila hesabu. Ninachounga mkono ni nyongeza kama ile ya mwaka 2021, iliyoongeza ukubwa wa mfuko badala ya kugombania uliopo.

Palipo na udhaifu zaidi, kwa maoni yangu, ni namna fedha za TARURA zenyewe zinavyosambazwa. Mwaka 2021 Serikali ilitoa shilingi milioni 500 kwa kila jimbo la uchaguzi kwa ajili ya barabara hizi. Kisiasa ni rahisi kuutetea mgawo wa namna hiyo, kwa sababu hakuna mbunge anayeweza kulalamika kwamba mwenzake kapata zaidi. Kiufundi ni mgumu kuutetea. Jimbo la Liwale, lenye vijiji vilivyotawanyika katika wilaya ambayo sehemu kubwa ya eneo lake ni hifadhi, linapewa kiasi kilekile na jimbo la mjini unaloweza kulivuka kwa miguu asubuhi moja. Mimi ningepima haki kwa siku ambazo barabara inapitika katika mwaka, na kwa idadi ya watu na tani za mzigo zinazokwama siku isipopitika. Kipimo hicho kingeinufaisha Nachingwea, lakini kinahitaji takwimu, na takwimu hizo, Ndugu Katibu, zimo kwenye kabati la ofisi yako. Nitarudi hapo.

Jambo la kwanza kulifanya wiki hii ni kuuliza kama barabara yenu imesajiliwa. TARURA hutumia mfumo wa kompyuta uitwao DROMAS, ambamo kila barabara ya wilaya ina jina, namba, urefu, daraja na hali yake. Barabara za wilaya zimegawanywa katika madaraja: zipo za mkusanyo, zinazounganisha makao ya wilaya na vituo vikubwa vya ndani ya wilaya, zipo za mlisho, zinazounganisha vijiji na barabara kubwa zaidi, na zipo za jamii, za ndani ya kijiji au kati ya kijiji na kijiji. Barabara ambayo haimo kwenye daftari hilo haiwezi kupangiwa fedha za matengenezo, hata meneja akiipenda namna gani. Nimewahi kuona barabara ya miaka mingi, yenye shule na zahanati kandoni mwake, ikiwa imesajiliwa nusu tu ya urefu wake, kwa sababu wapimaji walipokuja mto ulikuwa umejaa wakaishia ng'ambo ya huku. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa kwamba imo. Omba namba yake, mwanzo na mwisho wake, urefu uliorekodiwa, daraja lake, na hali iliyoandikwa mara ya mwisho ilipokaguliwa. Andika barua, upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30, na uzoefu wangu ni kwamba barua inayoitaja sheria hiyo kwa adabu hujibiwa haraka kuliko barua tano za malalamiko.

Ikiwa imesajiliwa, inafuata sababu ambayo wananchi wachache huambiwa, nayo nadhani ndiyo iliyowakwamisha. Kazi za barabara hugawanywa katika mafungu. Yapo matengenezo ya kawaida, kama kufyeka majani, kuzibua makalavati, kusafisha mitaro na kuchonga kwa greda. Yapo matengenezo ya sehemu korofi, yanayotibu maeneo machache yanayozuia magari. Yapo matengenezo ya muda maalumu, ambapo tabaka la changarawe lililoisha hurudishwa baada ya miaka kadhaa. Mwisho kuna ukarabati na ujenzi, ambao ni kuitengeneza upya barabara iliyokwisha. Fedha za Mfuko wa Barabara, kama nilivyosema, ni za matengenezo kwa asilimia 90, na busara ya kihandisi inasema matengenezo hupewa kwanza barabara iliyo nzuri au ya wastani, kwa sababu ukiiacha hiyo iharibike utalipa mara nyingi zaidi kuirudisha. Matokeo yake, barabara ikishaharibika kupita kiasi, hutoka kwenye fungu la matengenezo na kuingia kwenye foleni ya ukarabati, ambayo ni ndefu na inategemea bajeti ya maendeleo, wahisani au fedha maalumu. Barabara mbovu kuliko zote wilayani ndiyo inayoweza kukaa miaka mingi bila shilingi, huku jirani yake iliyo nafuu ikichongwa kila mwaka. Mwananchi anayeitazama hali hiyo kutoka kijijini huona upendeleo, na mhandisi aliye ofisini huona mpango unaofuata kanuni.

Katikati ya mafungu hayo ndipo penye nafasi yenu, yaani fungu la sehemu korofi. Barabara ya kilomita 18 isiyopitika miezi minne haiwi mbovu kilomita zote 18. Karibu kila mara lori linashindwa katika maeneo machache: kijito kisicho na kalavati, bonde la udongo mweusi wa mbuga linalogeuka tope, mteremko ambao maji yameugeuza kuwa korongo. Maeneo mengine yote ni kero tu. Mkiomba barabara itengenezwe, mmeomba kitu ambacho meneja hana fedha nacho, na mkiomba lami ndiyo kabisa. Mkiomba maeneo manne yaliyotajwa kwa kilomita, yenye picha za Februari na maelezo ya kinachokwamisha, mmeomba kitu ambacho kinaweza kuingia kwenye fungu lililopo na kuifanya barabara nzima ipitike.

Pita barabara hiyo mwenyewe pamoja na mwenyekiti wa kijiji na dereva mmoja wa lori anayeijua, ikiwezekana mvua ikiwa imenyesha usiku uliotangulia. Andikeni umbali wa kila mahali kutoka mwanzo wa barabara kwa kutumia kisomeo cha pikipiki. Tazameni maji yanatoka wapi, yanavuka wapi na yanaishia wapi, kwa sababu barabara za udongo na changarawe huuawa na maji kwanza, magari yanamalizia tu. Barabara iliyochongwa vizuri huinuliwa katikati na kushuka kuelekea pembeni kwa asilimia 4 hadi 6. Ikishakuwa bapa au ikazama katikati, yenyewe inageuka mtaro, na kuimwagia changarawe wakati huo ni kuitupa. Mahali panapohitaji kalavati, pigania kipenyo. Kalavati la milimita 600 huzibwa na matawi na taka za mashambani katika msimu mmoja, wakati la milimita 900 hupitisha maji karibu mara tatu zaidi na mtu anaweza kuingia akalisafisha. Tofauti ya gharama ipo, lakini ni ndogo ukilinganisha na kuja kulichimbua lile dogo baada ya tuta kusombwa.

Kuna jambo moja la kijiji ambalo mkandarasi hawezi kulitatua, nalo limeharibu kazi nyingi huku kwetu. Mtaro wa pembeni ni lazima uwe na mahali pa kuyatoa maji kila baada ya umbali fulani, kuyachepusha kwenda porini au shambani. Mkulima asipotaka maji yamwagikie kwenye mikorosho yake, humzuia mkandarasi au huufukia mchepuko usiku, na mkandarasi mwenye haraka ya kumaliza hukubali kuuacha. Maji yote ya mlima huo huteremka na mtaro mmoja hadi bondeni na kulibeba kalavati jipya. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kulimaliza jambo hili kabla greda halijafika, kwa kukubaliana na wenye mashamba ni wapi maji yatatokea na kuliandika kwenye muhtasari. Unaweza vilevile kuonyesha eneo la machimbo ya moramu (kifusi cha changarawe) lililo karibu na barabara, kwa sababu katika kazi ya changarawe gharama ya lori kusomba kifusi kutoka mbali huweza kuizidi gharama ya kifusi chenyewe. Ombi lililoambatana na muhtasari wa namna hiyo lina thamani ya fedha mkononi mwa mhandisi.

Kuhusu michango yenu ya kufukia mashimo, nitasema bila kuzunguka: acheni kununua udongo wa kujaza mashimo. Udongo uliomwagwa shimoni bila kushindiliwa na bila kutoa maji hugeuka uji kwa mvua ya kwanza. Nguvu za wananchi zikitumika kuzibua makalavati na kusafisha mitaro mwezi Novemba, kabla mvua hazijakolea, zitawapa wiki kadhaa zaidi za kupitika bila kununua chochote. Na ikiwa kijijini kuna kikundi cha vijana au wanawake kilichosajiliwa, kumbuka kwamba sheria ya manunuzi inaitaka taasisi ya umma itenge asilimia 30 ya manunuzi yake kwa makundi maalumu. Kufyeka na kusafisha mitaro ni kazi ambazo kikundi kinaweza kupewa kwa malipo, badala ya kuifanya bure mwaka hadi mwaka.

Nirudi kwenye kabati lako. Kusini hii iliwahi kujengewa reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga wa mwishoni mwa miaka ya 1940; karanga hazikupatikana kama ilivyotarajiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Wapangaji wa miundombinu, tangu wakoloni hadi leo, huuliza kwanza mzigo uko wapi. Nyinyi mzigo mnao na mmeuandika. Daftari la AMCOS linaonyesha kilo zilizopokelewa kila msimu, tarehe zilizopakiwa kwenda ghala kuu la RUNALI, chama kikuu cha ushirika, na gharama ya usafirishaji iliyokatwa kwenye malipo ya mkulima. Tuseme chama chenu husafirisha tani 600 kwa msimu. Kwa lori la tani 10 hizo ni safari 60 zenye mzigo, mbali na safari za kuja tupu. Ikiwa msafirishaji anawatoza shilingi 10 zaidi kwa kila kilo kuliko anavyokitoza kijiji kilicho kando ya barabara nzuri kwa umbali unaofanana, wakulima wenu wanapoteza shilingi milioni 6 kwa msimu mmoja kwa sababu ya barabara peke yake. Weka takwimu zenu halisi badala ya hizi za mfano, ongeza ufuta na mbaazi, ongeza siku ambazo mzigo ulilala ghalani kwa kukosa lori, halafu omba zahanati ikupe idadi, bila majina, ya wagonjwa waliopewa rufaa katika miezi ya mvua. Ukurasa mmoja wenye mambo hayo unatosha. Sijaona maombi mengi ya barabara yaliyofika wilayani yakiwa na ukurasa wa namna hiyo.

Katika jambo hilohilo la malori, chama chenu nacho kina wajibu. Barabara kuu zina mizani. Za kijijini hazina, na ndizo zenye tabaka jembamba. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi duniani kote, uzito wa ekseli moja ukiongezeka mara mbili, uharibifu kwenye barabara ya lami huongezeka takriban mara 16. Barabara ya changarawe haifuati hesabu hiyo kwa usahihi uleule, lakini mwelekeo ni huohuo, na ikiwa imelowa huwa mbaya zaidi. Mavuno ya korosho huanza karibu Septemba au Oktoba na kuendelea hadi mvua zimeanza, kwa hiyo malori yenu mazito zaidi hupita wakati barabara ni dhaifu zaidi. Mkiweka kwenye mkataba wa usafirishaji kwamba lori halizidishi uzito mliokubaliana, na kwamba halipiti mpaka barabara ikauke baada ya mvua kubwa, mtalinda makalavati mliyoyahangaikia. Wasafirishaji watanuna, waacheni wanune.

Imebaki kalenda, nayo ndiyo inayoangusha wengi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti yake huwa imeandaliwa kuanzia karibu Novemba ya mwaka uliotangulia, ikapita kwenye vikao vya wilaya na mkoa, na kuingia bungeni kati ya Aprili na Juni. Mtu anayekwenda kulalamika Februari, akiwa na tope magotini, analalamika kuhusu bajeti iliyofungwa na kwa ajili ya bajeti ambayo rasimu yake imeshachapwa. Fanyeni ukaguzi wenu wakati wa mvua, lakini ombi lenu likamilike na kupita mkutano mkuu wa kijiji kabla ya Oktoba kwisha. Kutoka hapo liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, diwani na mbunge. Mbunge mpeni pia ombi dogo la pembeni la Mfuko wa Jimbo, ambao hautoshi barabara lakini unaweza kununua makalavati mawili. Mbunge ni mjumbe wa Bodi ya Barabara ya Mkoa, inayokutana chini ya uenyekiti wa mkuu wa mkoa, na hicho ndicho kikao ambacho TANROADS na TARURA hukaa meza moja na kuulizwa maswali. Barabara inayotajwa pale kwa namba yake ya usajili na kwa kilomita zake korofi huingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Upo pia upande wa kalenda ambao kosa lake si lenu. Bajeti ikianza Julai, zabuni zikatangazwa Agosti au Septemba na mikataba ikasainiwa Oktoba au Novemba, mkandarasi anafika site wakati mawingu ya masika ya kusini yanakusanyika. Sisi huku tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na miezi mizuri ya kazi ya barabara ni Juni hadi Oktoba, ile ile inayoliwa na makaratasi. Hili linaweza kubadilishwa bila kuongeza shilingi hata moja, kwa kuandaa zabuni za mikoa yenye msimu mmoja wa mvua mapema, kabla mwaka wa fedha haujaanza, ili mkandarasi awe kazini Julai. Naomba mlipeleke hilo kwa mbunge kama hoja inayojitegemea, kwa sababu linaigusa Mtwara na Lindi nzima, na kwa maoni yangu linapoteza fedha nyingi kuliko mgawo wowote tunaoubishania.

Kazi ikianza, someni bango la mradi na mwombe kwa meneja orodha ya kazi zilizomo kwenye mkataba: makalavati mangapi, ya kipenyo gani, changarawe unene gani na kutoka kilomita ipi hadi ipi. Kwa kawaida tabaka la changarawe lililoshindiliwa huwa na unene wa milimita 150, na mtu yeyote anaweza kuchimba pembeni kidogo akalipima kwa rula mbele ya msimamizi. Kasoro iripotiwe kwa maandishi kabla mkandarasi hajaondoka na mitambo, kwa sababu baada ya hapo kumrudisha ni kazi ya miezi.

Mwisho, najua kuna watakaokushauri mpiganie barabara ipandishwe hadhi iwe ya mkoa, ihamie TANROADS kwenye ile asilimia 70. Vigezo vya kupandisha hadhi vipo kwenye Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, ombi hupitia Bodi ya Barabara ya Mkoa, na uamuzi ni wa waziri mwenye dhamana. Barabara ya kilomita 18 inayoishia kijijini, isiyounganisha wilaya na wilaya, ina nafasi ndogo sana ya kukubaliwa, na wakati ombi hilo linasubiri, TARURA nao husita kuweka fedha kwenye barabara wanayodhani itaondoka mikononi mwao. Kama barabara yenu inaendelea hadi kutokea upande wa Liwale au Ruangwa na magari ya wilaya mbili huitumia, hesabu hubadilika, na hapo niandikie tena ukiwa na ramani. Kama inaishia kijijini, bakini TARURA, na mtumie nguvu hiyo kuisogeza kutoka daraja la jamii hadi la mlisho, ikiwa ndivyo ilivyosajiliwa. Mabadiliko hayo huanzia kwenye ofisi ileile ya wilaya mtakayoiandikia barua wiki hii.